Pointi 131: kisa cha kipanga na ufadhili uliomponyoka

Mtoto wa dada yangu alimaliza shahada ya takwimu Julai 2023 katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Siku matokeo ya mwisho yalipotoka alinipigia simu saa nne usiku, analia. Nikajua msiba.

"Shikamoo anko. Nimepata nne nukta tatu."

Nikamuuliza tangu lini watu wanalilia nne nukta tatu. Akavuta kamasi, akasema, "Nimekosa daraja la kwanza kwa pointi moja."

Ameniruhusu nieleze kisa chake chote, mradi nisitaje jina lake wala la chuo. Nimekubali, ingawa kwa upande wa chuo nimekubali shingo upande. Nimekaa naye kwenye jambo hili karibu miaka miwili, nimesoma kila barua aliyotuma na kila jibu alilopata, na ninadhani najua alikwamia wapi. Alama hazikuwa tatizo, na fedha za ufadhili zilikuwepo.

Tuanze na hizo pointi. Alisoma kozi 30 zenye uzito sawa. A hubeba pointi 5, B+ 4, B 3. Yeye alikuwa na A 14, B+ 13 na B tatu. Jumlisha, unapata 131. Gawa kwa 30, unapata 4.36 na ushee. Sasa, GPA, huo wastani wa pointi, katika vyuo vyetu haikadiriwi kwenda juu. Inakatwa baada ya desimali ya kwanza, kinachobaki kinatupwa. 4.36 ni 4.3, na hata 4.39 ingekuwa 4.3. Daraja la kwanza linaanzia 4.4. Angekuwa na pointi 132 angepata 4.4 kamili, bila chenji. B+ moja tu igeuke A. Anaijua ni kozi gani, na mwalimu wa kozi hiyo naye anaijua, maana binti alimwendea ofisini mara mbili kuomba karatasi ipitiwe upya.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo iliyomlia muda. Agosti, Septemba na sehemu kubwa ya Oktoba, miezi ambayo wenzake wa nchi nyingine walikuwa wanajaza fomu, yeye alikuwa anazungukia ofisi kuhusu B+. Na watoa ufadhili wengi wala hawaitazami hiyo 4.4. Kwetu daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa shahada ya uzamili nchini Uingereza unataka angalau daraja la pili la juu. Hata ukikaa hapa hapa nyumbani, matangazo ya nafasi za Mkufunzi Msaidizi, wale tunaowaita TA, huanzia GPA 3.8. Milango aliyokuwa anaililia ilikuwa wazi. Kilio cha 4.4 kilikuwa cha nyumbani: mama alishawaambia majirani kwamba mwanawe anatoka na daraja la kwanza, na baba, fundi cherehani pale Kilosa, alishaanza kumshonea gauni la mahafali.

Alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Miaka miwili ya kwanza bumu, ile posho ya chakula na malazi, lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, mwaka wa tatu likapanda hadi 10,000, na humo humo alikuwa anakata kidogo anatuma nyumbani kwa ajili ya ada ya mdogo wake. Mwaka 2022 serikali ilipoanzisha Samia Scholarship, shilingi bilioni 3 kwa wanafunzi 640 waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita kwenye masomo ya sayansi, yeye alikuwa anaingia mwaka wa tatu. Lango hilo lilijengwa nyuma yake. Kwa shahada ya uzamili, mhitimu mpya asiye mtumishi wa chuo hawezi kuutegemea mkopo wa Bodi. Kwa hiyo njia ilikuwa moja: ufadhili.

Raundi ya kwanza

Tangazo la Jumuiya ya Madola lilimfikia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kama kawaida limeforwadiwa mara nyingi, zimebaki siku tatu dirisha lifungwe. Transkripti, ile karatasi rasmi ya matokeo ya kozi zote, haikuwa tayari. Aliambiwa arudi baada ya mahafali. Mahafali ni mwishoni mwa mwaka, dirisha linafungwa Oktoba. Hakutuma.

Akahamia Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza. Alijaza fomu usiku mzima mpaka akafika panapoulizwa uzoefu wa kazi. Wanataka miaka miwili, wanaihesabu kama saa 2,800. Yeye alikuwa na mafunzo kwa vitendo ya wiki nane, tuseme saa 320. Alinitumia picha ya skrini bila neno lolote, na mimi sikuwa na neno la kumrudishia.

Kisha kikaja kisa cha barua ya Uingereza, ambacho bado kinanipa baridi nikikikumbuka. Aliomba nafasi moja kwa moja kwenye chuo kimoja cha huko, na baada ya wiki tatu jibu likaja: amekubaliwa. Kilosa walichinja kuku. Baba yake alinipigia, "Shemeji, mtoto anaenda Ulaya!" Nikaomba nitumiwe barua. Nikasoma. Ukurasa wa pili kulikuwa na ada ya mwaka, na chini yake kiasi cha kulipa kwanza ili kushikilia nafasi. Ilikuwa barua ya kudahiliwa tu. Haikuwa na senti ya mtu ndani yake. Lakini nyumbani kule, barua ya chuo cha nje yenye nembo na saini ni "skolashipu", hakuna anayetenganisha. Nilipopiga kumweleza shemeji, tayari walikuwa wanazungumzia kiwanja. Kile kiwanja cha njia ya reli, chenye miembe miwili. Mnunuzi alikuwa ameshakuja kukipima kwa hatua za miguu.

Nilitumia Jumamosi nzima kwenye simu kukiokoa kiwanja kile. Nashuku zipo familia ambazo hazikuwa na mtu wa kupiga simu Jumamosi.

Januari 2024 aliomba programu mbili za Erasmus Mundus. Huu ni ufadhili wa Umoja wa Ulaya, unasoma uzamili katika vyuo viwili au zaidi vya nchi tofauti, na wanaochaguliwa hupewa euro 1,400 kila mwezi, hadi miezi 24. Machi majibu yakaja, yote mawili ya kukataliwa, kwa lugha ya upole ile ile.

Karatasi mbili

Hapo ndipo nilipomwambia aniletee kila kitu alichotuma. Cheti cha GPA nilikiweka pembeni, kilikuwa safi. Nikabaki na karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa barua ya mapendekezo ya msimamizi wa utafiti wake. Mistari minne. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi: ninamfahamu mwanafunzi huyu, alisoma katika idara yetu, ni mwenye bidii, nidhamu na heshima, alihudhuria vipindi vyote, ninampendekeza bila kusita. Jina, saini, muhuri wa idara, na muhuri wenyewe umegongwa vizuri kweli.

Kwetu hiyo ni barua nzuri. Ukiombea kazi ya benki au nafasi ya kujitolea wilayani, mtu akisoma "nidhamu na heshima" anatikisa kichwa. Lakini jopo linalochagua watu ishirini kati ya mamia halina shida na heshima. Linataka kujua binti huyu alifanya nini siku data ilipogoma. Barua haikutaja hata kichwa cha utafiti wake.

Nilitaka kumlaumu Dokta, kisha nikauliza ilivyokuwa. Alimfuata koridoni: "Shikamoo Dokta, naomba rekomendesheni, mwisho ni kesho saa sita usiku." Mwalimu mwenye darasa la watu mia nne, aliyeombwa barua kumi wiki hiyo, akafungua faili la barua ya mwaka jana, akabadilisha jina. Angefanya nini kingine? Hakumbuki nani alifanya nini. Na binti hakumkumbusha, kwa sababu katika malezi yetu kumwendea mwalimu wako na karatasi ya kujisifu ni utovu wa adabu.

Karatasi ya pili ilikuwa maelezo binafsi ya kueleza kwa nini anataka kusoma. Ilianza kwa utoto: tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikipenda namba. Ikaenda kwenye umaskini wa Afrika. Ikaja kwenye umuhimu wa data katika maendeleo ya taifa. Ikafunga kwa ahadi ya kurudi kulitumikia taifa. Ungeweza kufuta jina lake ukaweka la yeyote kati ya wenzake mia nne na hakuna ambacho kingebadilika. Na hilo ndilo nililomwambia, kwa ukali kidogo, mpaka mke wangu akaniita jikoni.

Niliporudi sebuleni nikamuuliza, ni lini kwa mara ya kwanza takwimu ilikukera? Akanyamaza. Kisha akanisimulia habari ya mzee wa Kilosa.

Agosti 2022, likizo ya mwaka wa pili, alikuwa karani wa sensa. Amepewa kishikwambi, kizibao na orodha ya kaya. Sensa ile ilihesabu watu waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23. Akafika kwa mzee mmoja, akamwamkia, akauliza. Mzee akasema, "Andika watoto saba." Akamuuliza, waliolala hapa usiku huo? "Hao wawili. Lakini wangu ni saba." Akamweleza kwamba wale watano watahesabiwa huko huko waliko, Dar na Morogoro mjini. Mzee akatua bakuli la uji chini. "Sasa mjukuu wangu, wakihesabiwa huko, zahanati italetwa wapi? Na wakiumwa hawa wanarudi kwangu."

Binti aliandika wawili, kama alivyofundishwa. Jioni hiyo chaji ya kishikwambi iliisha akiwa bado na kaya tatu, akakaa chini ya mti kumsubiri mwenzake aje na betri ya akiba, na muda wote ule alikuwa anamfikiria mzee. Matokeo yalipotangazwa, watu 61,741,120, alijua kwamba namba ni sahihi kwa swali lililoulizwa. Kilichomkera ni kwamba mzee aliuliza swali jingine na hilo nalo lina maana. Mtu anahesabiwa anapolala, na akiugua anauguzwa nyumbani. Mpaka akachagua utafiti wake wa mwaka wa tatu kutokana na hilo: namna ya kukadiria idadi ya watu wanaotegemea huduma katika maeneo madogo pale ambapo wengi huenda na kurudi.

Nikamuuliza kwa nini hakuna hata neno moja la hayo kwenye maelezo yake. Akanitazama kama niliyechanganyikiwa. "Anko, nitawaandikia wazungu habari za mzee na uji?"

Chuo kinamjua nani

Nitoke pembeni kidogo. Katika chuo chake, mwanafunzi akifeli, mfumo unamjua siku hiyo hiyo. Kuna orodha ya wenye sapu, wanaorudia mtihani, kuna tarehe yao ya mtihani, kuna wa kudisko, wanaoondolewa masomoni, na barua zao, kuna kamati inayokaa kuwajadili. Mwenye 4.3 hana orodha. Anapigiwa makofi siku ya mahafali na kutajwa kwenye kitabu cha sherehe, kisha geti linafungwa nyuma yake. Ninaelewa kwa nini: anayefeli ni tatizo, anayefaulu anaonekana ameshamaliza shida zake. Lakini mtoto wa fundi cherehani anayefaulu ndiyo kwanza anaingia kwenye mji asioujua, na hana shangazi aliyewahi kuishi huko.

Marekani walilitazama jambo hili tofauti, na si kwa sababu wana huruma kuliko sisi. Vyuo vikuu vikubwa vya umma huko vina chuo cha vipanga, wanafunzi hodari kuliko wenzao, ndani ya chuo. Penn State kina Schreyer Honors College, kilichopata jina hilo mwaka 1997 baada ya mfanyabiashara mmoja na mkewe kutoa dola milioni 30. Arizona State kina Barrett, kilichoanza 1988. Mwanafunzi wa huko huandika utafiti wake chini ya mwalimu mmoja anayemjua kwa jina, na hukuta ofisi ambayo kazi yake ni kumwandaa kwa ufadhili. Ofisi hizo zina sababu ya kuwepo. Ufadhili kadhaa mkubwa, kama Goldwater, Truman na Marshall, haupokei maombi ya Mmarekani ambaye chuo chake hakijamteua au kumuunga mkono. Chuo kinalazimika kumtafuta kipanga mapema, maana jina la chuo nalo liko mezani. Kwetu mwanafunzi huomba peke yake, na akikosa chuo hakijui hata kama aliomba.

Sisemi tujenge majengo. Ninachokiona kimekosekana katika kisa hiki ni mtu mmoja mwenye nusu siku kwa wiki, na transkripti ya muda inayotoka Septemba.

Raundi ya pili

Mwaka uliofuata hakukaa bure. Alipata kazi ya mkataba ya kusafisha data kwenye mradi mmoja wa utafiti, posho ya nauli na chakula, na saa zake akaanza kuziandika kwenye daftari, akilini mwake zile 2,800. Alichukua pasipoti mapema, shilingi 150,000, tulichangiana. Cheti cha mtihani wa Kiingereza, ambacho ni ghali na hufa baada ya miaka miwili, alikiahirisha. Badala yake alipata barua ya chuo inayothibitisha kwamba alifundishwa kwa Kiingereza, na baadhi ya programu ziliikubali. Tahadhari, si zote.

Kwa Dokta alirudi wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, na karatasi moja mkononi. Tuliiandaa pamoja: kichwa cha utafiti, swali lake, data ilitoka wapi, sehemu gani iligoma na aliitatua vipi, alama ya kozi mbili alizofundishwa na Dokta mwenyewe, anaomba wapi na wao wanatafuta mtu wa namna gani, tarehe ya mwisho kwa wino mwekundu. Hakujisifu mahali popote, aliorodhesha tu yaliyotokea. Alipoingia ofisini mikono ilikuwa inamtetemeka. Dokta akasoma, akavua miwani. "Mama, mbona hukuniletea hii mwaka jana?"

Barua iliyotoka ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Sikuiona, ilitumwa moja kwa moja kwenye mfumo, lakini Dokta alimwambia kwamba ameandika habari ya wiki aliyogundua mwenyewe kwamba data zake zimehesabu kijiji kimoja mara mbili, akarudia kazi yote bila kuambiwa. Mambo hayo Dokta alikuwa nayo kichwani siku zote. Yalihitaji kukumbushwa tu.

Maelezo binafsi yakaanza na bakuli la uji.

Safari hii hakuifukuzia Ulaya tu. Aliomba Erasmus Mundus moja, na aliomba AIMS, Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati. Huyu AIMS vijana wetu wengi hawamjui, sijui kwa nini. Kituo cha kwanza kilifunguliwa 2003 pale Muizenberg, Cape Town, na mwanafizikia Neil Turok, mzaliwa wa Afrika Kusini. Baadaye vikafuata vituo vingine, na cha Kigali kikaanza 2016. Waliochaguliwa hufadhiliwa masomo, malazi, chakula na nauli. Wanakaa pamoja, wanakula pamoja, wanafundishwa na wahadhiri wageni wanaopokezana kwa wiki chache, na mtu anaweza kukutwa ubaoni saa saba usiku. Kwa binti wa takwimu mwenye 4.3 na swali lake mwenyewe, sioni mlango uliomfaa zaidi.

Mwaka 2025 majibu yakaja. Erasmus walimweka kwenye orodha ya akiba. AIMS wakamchukua, ufadhili kamili.

Tulikuwa na wiki moja ya kubishana. Orodha ya akiba ina utamu wake, unalala ukiota mtu mmoja huko Ulaya amejitoa. Mimi nilimwambia achukue kilicho mkononi. Yeye, nadhani, alishaamua kabla hajaniuliza, maana siku ileile alikuwa anatafuta hali ya hewa ya Kigali kwenye simu. Baba yake ndiye aliyechukua muda. Alitaka kuhakikisha kwanza kwamba safari hii barua imetaja na fedha, akanisomesha kila mstari kwa simu, polepole, mpaka kwenye neno la chakula. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameshazoea wazo la ndege ya Ulaya, "Kwa hiyo shemeji, Kigali ni basi?"

Kiwanja bado kipo na miembe yake. Mama yake mpaka leo huwaambia majirani kwamba mtoto alipata nne nukta nne, na hatujamsahihisha.